Makochi ya Kaka Kwenye Bima Yangu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nyumba moja, paa moja, wenyewe wawili. Baba alitugawia: kaka Ildefonce vyumba vya mbele, mimi vya nyuma na cherehani zangu tatu. Ukuta uko katikati. Paa hakuligawa.
Wiston, wakala wa bima, amepita sokoni hapa Nyakahura. Anasema kuna bima ya jengo na bima ya vitu vya ndani. Ya jengo inataka sahihi zetu wote wawili. Kaka hataki — eti kukata bima ni kujiitia mkosi. Na mlango wake una kufuli mbili!

Alhamisi, 6 Machi
Nimechagua vitu vya ndani tu. Cherehani ndizo zinanilisha. Paa nimemwachia Ildefonce.
Wiston anakuja keshokutwa kupiga picha. Mgeni wa ofisi, na mimi nina mabenchi! Nimemwomba wifi Agness makochi, TV na chupa za chai. Si ajabu. Padri alipowatembelea walibeba sahani zangu zote.

Jumamosi, 8 Machi
Wiston kapokelewa vizuri mno. Kakalia kochi, kanywa chai, kaisifu TV — halafu kaviandika vyote. Nilitaka kusema. Lakini utamwambiaje mgeni kwamba amekalia vya kuazima? Nikasaini.
Jioni vitu vimerudi kwa wenyewe. Kwa hiyo nalipia bima ya TV ya mtu asiyetaka bima. Kaka akijua atacheka mpaka Pasaka.

Jumanne, 18 Machi
Upepo na mvua ya mawe, saa tisa mchana. Bati zimeondoka upande wote wa mbele, na kipande juu ya cherehani zangu. Mbili zimeangukiwa na boriti. Nimelia, sikatai. Kwa kaka makochi yamelowa chapachapa, TV imejaa maji. Watu wote wazima, Mungu ashukuriwe.
Nimempigia Wiston simu, atakuja kesho. Kisha nikamwambia kaka habari ya ile orodha. Hakucheka.

Jumatano, 19 Machi
Nimetoka kuchota maji, nakuta Ildefonce na Agness wanaingiza makochi sebuleni kwangu. Na TV. Kaka anasema ni vyangu, karatasi ndiyo inasema. Mtu wa mikosi huyo!
Nikisema kweli, Wiston atajua nilimdanganya tangu mwanzo, na cherehani ndiyo basi tena. Nikinyamaza, nimeanza wizi nina miaka hamsini na moja. Naogopa yote mawili.
Wiston amefika. Shikamoo mama, pole sana. Marahaba. Kaitazama TV, kauliza ilikuwa wapi mvua ilipoanza. Kaka kajibu upesi: hapo hapo ilipo. Wiston hakuandika. Anataka nijibu mimi, mwenye bima.
Nimesema nilete chai kwanza. Ndiyo naandika hapa jikoni. Maji yamechemka zamani. Kaka ameniita mara mbili — kwa upole ambao sijausikia tangu tukiwa watoto.