Shuka Nyeupe Nyuma ya Babu

Zuhura, unasoma ujumbe kwenye kundi la ukoo na kunyamaza, kama ulivyonyamaza Bibi alipokufa bila hata picha moja. Mimi sijasahau.

Sasa sikia ya leo hapa Pande!!

Nurdin kamkalisha Babu Likwata kitini, kanzu mpya, kofia ya Idi. Nyuma yake katundika shuka nyeupe, eti picha itoke safi.

Bi Somoe, yule mtani wetu wa Kingindo, kapita njiani. Kaona shuka, kaona Babu katulia tuli. Akajitupa chini: "Uwiii! Likwata mmemtolea sanda na bado anapepesa macho!"

Anapepesa macho, Zuhura! Majirani wakajaa, hoi kwa kicheko. Mmoja anauliza kaburi linachimbwa saa ngapi!

Babu naye alicheka. Halafu akavua kofia.

"Nurdin mjukuu wangu, hii kweli ni picha ya kuniaga. Aliye hai hupigwa picha pamoja na watu wake. Sikai tena mpaka Zuhura aje akae hapa kando yangu."

Nurdin karudisha simu mfukoni. Babu ana miaka tisini na moja, na kifua kinambana kila asubuhi.

Usinitumie dole gumba. Kata tiketi ya basi la kesho, uje ukae kando ya Babu.