Motokari ya Baba Asha

Buyenzi, Bujumbura
Tarehe 12 mwezi wa sita 1977

Kwa baba yangu mupendwa, Muzee Assumani, Baraka

Assalam aleikum baba. Kama barua hii inakukuta muzima, wewe na mama na batu bote ba nyumbani, mi nashukuru Mungu. Sisi huku tuko. Asha alikuwa na kikohozi lakini amepona, sasa anakula kama askari. Goti ya mama inasema nini? Na ndagala, zinatoka mwezi huu?

Baba, sijaandika tangu arobaini ya marehemu mume wangu. Si kwamba nimewasahau. Nilikuwa nafanya kitu ambacho nilijua utanikataza, basi nilingoja kiishe kwanza. Nimejifunza kuendesha motokari. Permi, ile ruhusa ya kuendesha, ninayo. Picha yangu iko ndani, nimekunja uso kwa sababu mupiga picha alinikataza kucheka.

Ile kamioneti ya turubai aliyoniachia Baba Asha ndiyo inatulisha. Kila asubuhi nabeba bamama na magunia yao ya samaki, natoka nao ku ziwa mpaka ku soko. Lakini imeanza kuugua. Niliipeleka kwa fundi mumoja anaitwa Roger, mwenye garaji kubwa na kibao cha rangi mbele. Akasema ni dinamo, akaweka ingine. Haikupita wiki, nikakwama katikati ya barabara. Shoferi wa taksi akafungua kapo, kile kifuniko cha injini, akatikisa kichwa. “Mama, dinamo yako ya kwanza iko wapi? Hii imetolewa ku gari iliyokufa zamani.” Nikarudi kwa Roger. Akaniuliza mbele ya bafundi bake: “Mama, wewe unajua dinamo ni nini?” Bote bakacheka. Sikulia pale, baba. Nililia ku nyumba.

Kisha shemeji Ramazani, kaka mukubwa wa marehemu, akasikia. Akaita jamaa bote. Akasema mwanamuke hawezi kutunza motokari, bafundi batamula mpaka abakie na usukani peke yake. Mashangazi balinitetea sana. Mwisho bakakata hivi: siku ya Idi motokari ikitembea vizuri, ni ya kwangu na Asha, hakuna mutu atasema tena. Ikiwa imelala, Ramazani anaichukua na kuiuza.

Nipe akili, baba. Hapa mi ni mugeni. Bafundi bakisikia Kiswahili yangu ya Baraka, kila kitu kinapanda bei. Mutu anajuaje fundi asiyesema uongo?

Mutoto wako,
Zubeda


Baraka
Tarehe 30 mwezi wa sita 1977

Kwa mutoto wangu Zubeda

Aleikum salaam. Barua yako imefika ndani ya kofia ya muuza vitenge, ina jasho lakini inasomeka. Sisi tuko bazima. Goti la mama yako linajua mvua kuliko redio. Ndagala ni chache, mwezi ni mukubwa na samaki hawafuati taa. Jumamosi tulifanya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tukafagia barabara yote, lakini motokari haikupita hata moja.

Nilisoma kwamba mwanamuke wa nyumba yangu anaendesha kamioneti. Nikakunja barua, nikaenda kuswali. Niliporudi nikaifungua tena, nikakuta maneno ni yaleyale. Mama yako alicheka mpaka akasahau goti.

Baba anapaswa kusema: uza, rudi nyumbani. Basi, nimesema. Lakini najua hutasikia, juu umetoka tumbo la mama yako. Kwa hiyo fanya hivi. Mupelekee fundi ugonjwa usiokuwepo. Jaza maji ku radiatere, hakikisha mwenyewe kwamba haivuji, kisha umwambie inavuja. Mwongo ataukuta huo ugonjwa, na mengine juu yake. Mutu wa haki atakuambia hakuna. Mi ndivyo ninavyofanya na bashona nyavu, na nyavu zangu unazijua.

Usivae vitenge vipya ukienda kwa fundi.

Baba yako,
Assumani bin Selemani


Buyenzi
Tarehe 17 mwezi wa saba 1977

Baba mupendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Asha anauliza kama babu bado ana ile ndevu. Sisi hatujambo.

Nimefanya kama ulivyosema. Fundi wa kwanza aliingiza kidole, akakitoa, akaniambia radiatere imeoza kama papai. Wa pili hata kapo hakufungua. Alisema anasikia harufu.

Wa tatu anaitwa Semutobo. Huyu si mutu wa hapa, baba, ni wa kwetu, wa bale bafuga ng’ombe ba milima ya juu ya Fizi. Kazi alijifunzia Nundu, ku lori ya bamisionere. Garaji yake ni kiwanja tu nyuma ya duka la mikate, kibao hakuna. Alilaza katoni chini ya motokari, akasema: “Mama, ngojea.” Muke wake Nyirarukundo akaniletea maziwa. Nilipomaliza kunywa, akavuta ile katoni. Kavu kabisa.

“Mama, radiatere yako haivuji hata tone. Nani alikudanganya?”

Baba, nisamehe. Nikajibu: “Baba yangu.”

“Aa. Yeye ni fundi?”

“Ana mashua.”

Akatikisa kichwa polepole, kwa heshima. Kisha akalala chini ya motokari, na alipotoka hakuwa anacheka tena. “Freni zimekwisha, hakuna cha kuisimamisha. Motokari hii haiendi ku nyumba yako leo. Inalala hapa.” Nikapandisha sauti. Nikamwambia bamama ba samaki bananingoja ku ziwa, na motokari ni yangu. Akaenda kusimama mbele yake, mikono imeanguka tu. “Basi nikanyage, mama. Freni hazitakuzuia.”

Nilimuachia ufunguo, nikarudi na miguu. Bamama balinitukana kwa Kirundi na kwa Kibembe. Sasa iko pale kiwanjani, anatafuta vifaa, anasema vitachukua muda. Ramazani anazunguka Buyenzi yote akisema mutu wa milima amekwisha kuila. Mi nasema hapana, lakini nikiwa peke yangu naogopa. Nilifanya vizuri, baba?

Mutoto wako,
Zubeda


Baraka
Tarehe 29 mwezi wa saba 1977

Zubeda,

Salamu zitafuata. Umeacha motokari ya yatima kwa mutu bila shahidi? Mutu wa ng’ombe anajua nini juu ya freni? Ng’ombe inasimama yenyewe!

Usimupe kitu kingine. Usimufukuze pia. Ngojea. Usiniulize tunangojea nini.

Mama yako anakusalimu. Ndevu ipo.

Baba


Baraka
Tarehe 14 mwezi wa nane 1977

Kwa mutoto wangu Zubeda, pamoja na mujukuu wangu Asha

Assalam aleikum. Nilifika Baraka vizuri kutoka kwako, vumbi tu. Maandazi uliyonipa yaliishia Uvira. Mama yako amekasirika, mutamuletea mengine.

Mufungo unakaribia, na mutu asifunge akiwa na uongo ndani ya tumbo. Nilikuambia nimekuja Bujumbura kumuona Asha. Ni kweli, lakini ni nusu. Hukushangaa kwamba nilifika kwako na kanzu yenye maji?

Kabla ya kuondoka Baraka nilitoa moteur ya mashua, nikakata waya mumoja mudogo na kisu, nikaitia moteur ndani ya gunia. Ku bariere, mwanajeshi alitaka karte yangu ya chama. Nikamupa. Akapiga gunia teke, akauliza: “Na huyu?” Nikasema huyu ni mugonjwa, ninamupeleka kwa daktari. Akacheka, akafungua njia.

Nilienda moja kwa moja ku kile kiwanja nyuma ya duka la mikate. Nikamwambia Semutobo mi ni mugeni natoka Kigoma, moteur imekufa, nadhani piston imevunjika, na pesa ninayo nyingi. Zubeda, hata mi ningejiibia! Akafungua, akatazama, akaunga waya. Akatumbukiza moteur ndani ya pipa la maji, akavuta kamba. Ikanguruma, maji yote yakanirukia.

“Muzee,” akasema, “piston iko muzima. Lakini waya huu haukukatika wenyewe. Umekatwa na kisu. Ku nyumba yako kuna mutu hakupendi.”

Nikasema, “Kweli?”

“Kweli. Mutu wa karibu. Angalia sana unachokula.”

Nikataka kulipa, akakataa, akasema mutu halipwi kwa kuunga kipande cha waya. Kisha, mutoto wangu, akanishika mukono, akafumba macho, akaniombea kwa namna yao ya Kiprotestanti. Alimuomba Mungu amufunue yule adui na amupe moyo mupya. Na adui alikuwa amesimama palepale, kanzu inachuruzika maji, anasema amina.

Niliiona kamioneti. Ameifunika vizuri ili vumbi lisiingie. Freni za zamani, zile mbovu, amezitia ndani ya kikapu pembeni. Nikamuuliza kwa nini hazitupi. “Ni za mujane mumoja wa Baraka. Nataka azione kwa macho yake, asije akafikiri nimeuza zilizo nzima. Maskini, baba yake anamupa mashauri ya radiatere.”

Nikakohoa.

Mwachie motokari. Mwachie na ufunguo wa nyumba ukitaka. Lakini habari za waya usimuambie. Hilo ni langu, nitalisema mwenyewe kwa mudomo wangu.

Baba yako,
Assumani


Buyenzi
Tarehe 18 mwezi wa tisa 1977

Baba na mama bapendwa,

Idi mubarak! Natumaini mulikula vizuri. Sisi tulikula mpaka Asha akalala juu ya sahani. Baba, barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika ku “amina” nashindwa kuendelea kwa kucheka.

Sasa sikilizeni ya Idi. Semutobo alinirudishia motokari kabla ya mufungo kwisha. Si kurudisha tu. Alinilazimisha kuingiza mikono ndani ya kapo. “Mama, mi sitakuwa nyuma yako kila siku. Shika hapa. Kaza. Legeza. Kaza tena.” Nilikasirika, kucha zangu zilikuwa nyeusi ndani ya mwezi mutukufu.

Siku ya Idi, baada ya swala, Ramazani akaja na jamaa bote, na mutu mwingine mwenye kofia kubwa. Mununuzi, baba! Alikuja na mununuzi siku ya Idi. Nikapanda, nikageuza ufunguo. Kimya. Nikageuza tena. Kimya. Ramazani akainua mikono. “Mumeona bote. Mi sikusema kitu, motokari imesema.” Yule mutu wa kofia akaanza kupiga pine mateke kama anayenunua mbuzi.

Nilitaka kukimbia nikamuite Semutobo. Halafu nikafikiri, hata nikikimbia, wakati nitakaporudi motokari itakuwa imekwisha kuuzwa. Nikashuka. Nikafungua kapo, mi na kitenge changu cha Idi. Nikashika kichwa cha batri, kikacheza ndani ya mukono. Kilikuwa kimelegea. Nikakaza na ufunguo mudogo wa nati aliouacha Semutobo ndani ya gari. Nikafunga kapo. Nikapanda, nikageuza.

Ikawaka.

Mashangazi bakapiga vigelegele, bakapanda nyuma bote bila kualikwa, bakamuvuta na Ramazani. “Njoo nawe, uone inavyotembea.” Nikateremka nao mpaka barabara ya ziwa. Mbuzi bakatoka mbele yangu. Nikakanyaga freni, ikasimama palepale, na mashangazi bote bakamuangukia Ramazani. Nikasikia sauti ya shangazi mukubwa chini ya turubai: “Freni ziko.”

Ramazani aliposhuka alipanguza kofia yake ya swala, akasema mbele ya batu bote: “Motokari ya Baba Asha ibakie kwa mama Asha.” Nikamushukuru. Kisha akanivuta pembeni. “Shemeji, huyo fundi wako anapokea batu bengine? Motokari yangu inalia tangu mwezi wa saba. Roger anasema ni radiatere.”

Nimemupeleka. Na mwezi kesho tunakuja Baraka, mi na Asha na motokari. Semutobo atapanda nasi, anataka kusalimia batu bake ba Nundu. Mama, usipike sana.

Mutoto wenu,
Zubeda


Baraka
Tarehe 23 mwezi wa kumi 1977

Kwa mutoto wangu Zubeda

Aleikum salaam. Tunatumaini mulifika salama na mugongo wa Asha haukuumia na njia. Sisi tuko, lakini nyumba imekuwa kubwa ghafula. Mama yako bado anatembea sokoni kama mutu aliyekaa kiti cha mbele. Goti halisemwi tena.

Hapa batu hawajaacha kuzungumza. Siku ile ulipoingia Baraka unapiga honi, imamu alitoka msikitini na kiatu kimoja. Bamama ba soko banasema walikuona ukibadilisha pine kule mutoni na hukumuita mwanaume. Bazee benzangu bananiuliza kama ni mi niliyekufundisha. Ninanyamaza, yule mwenye kutaka kuamini aamini.

Ile siku ya pili, wakati ulikuwa umeenda na mama yako kununua samaki, mi na Semutobo tulibakia ku mukeka, tunakula samaki aina ya mukeke wa kuchoma. Nikasema: “Mwanangu, yule adui wa moteur amepatikana.” Akaacha kutafuna. “Nani?” Nikasema: “Anakula na wewe.” Alinitazama sana, akatazama samaki. Kisha akacheka mpaka mufupa ukamukaba, nikampiga mugongo. Alipopata pumzi alisema: “Basi Mungu alisikia haraka kuliko nilivyofikiri.” Tangu siku ile ananiita baba. Sikumukataza. Sasa ana moteur tano za mashua zinamungoja huku, batu hawataki nizifungue mimi.

Jambo moja limebakia, nalo mama yako alitaka niliandike vizuri. Tangu msiba, alikuwa anafagia chumba chako kila asubuhi na kutandika kitanda. Hatukukuambia. Tulijua siku moja mambo ya huko yatakushinda na utarudi na Asha mukononi, na hatukutaka ukute vumbi.

Mulipoondoka juzi, alifika mwalimu mupya wa shule, mwanamuke anaitwa Georgette, hana pa kulala. Mama yako alisimama mulangoni muda murefu. Kisha akaingia, akatoa shuka zako, akaenda kuzifua, akamuita yule mwalimu aingize sanduku lake.

Basi chumba huna tena, mutoto wangu. Ukija, utalala ku chumba ya bageni.

Baba yako,
Assumani