Kijiti cha Kijani

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kile kikohozi kimekwisha. Huku mwanao ananyonya kama aliyeambiwa maziwa yanaisha kesho. Pua ni yako tupu, hata mama mkwe amekubali, ingawa kwa shingo upande.

Nilikuandikia kwamba nilipojifungua presha ilipanda na mkojo ukakutwa na protini nyingi. Nesi alitaka nibaki wodini. Nikamlilia mpaka akachoka, akaniruhusu kwa sharti kwamba kila asubuhi nichovye kijiti cha kupimia kwenye mkojo, nilinganishe rangi na zile za kwenye kopo lake, niandike daftarini. Njano ni salama, kijani nirudi mbio. Alisema fundi cherehani kama mimi hawezi kushindwa na rangi.

Nawe nikakuandikia mara mbili kwamba ni njano tu, usihangaike kuomba likizo.

Dada, nilikudanganya. Kijiti kilikuwa kijani tangu siku ya tatu. Nilikuwa nakisomea kwenye pembe ya chumba, chini ya ile taa ya manjano ili kionekane njano, mimi ninayewaambia wateja kila siku watoke na kitambaa juani waone rangi yake. Nilijua ninachofanya. Niliogopa wakinilaza watanitenganisha na mtoto. Miguu ilivimba mpaka ndala zikanikataa, nikasingizia joto.

Juzi kichwa kiliniuma mpaka nikawa naona ukungu. Baba mtoto akakiokota kijiti, akatoka nacho uani kukitazama juani, akarudi. Hakunigombeza. Alimfunika mtoto shuka, akachukua mkoba wangu, tukaondoka.

Sasa nimelazwa, na mtoto yupo hapa hapa ubavuni kwangu. Kumbe nilijiogopesha bure. Presha inashuka, lakini mkojo bado mbaya, na daktari anasema kuhusu figo hawezi kuahidi kitu mpaka majibu ya vipimo yarudi. Nesi alifungua daftari langu, akasoma njano, njano, njano, akasema mwandiko wangu ni mzuri sana. Kisha akageukia dirishani akajifuta macho. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Msalimie shemeji, watoto uwabusu mmoja mmoja, na yule mtundu umfinye shavu kwa niaba yangu.

Wewe ulinilea, kwa hiyo kwako sioni haya kusema kwamba naogopa. Yale ya usije yafute. Njoo, dada.

Mdogo wako,
Mbishi