Mate ya Kumbariki Naserian

Jumatatu, 4 Agosti
Uji saa moja. Kijiko, halafu maji. Kijiko, halafu maji. Hivi ndivyo anavyokula mwanaume aliyefukuza simba wawili kwa fimbo. Sawa, alikuwa mmoja. Na alikuwa anaenda zake.
Kliniki wamesema koo ni safi, mwaka mzima sasa. Lakini mate hayajarudi. Ile mashine ya mionzi ilichoma saratani, ikachoma na mate. Daktari anasema nitembee na chupa ya maji, nisione haya.
Naona haya.

Jumanne, 5 Agosti
Naserian amepiga simu kutoka Kajiado. Msichana wa marehemu kaka yangu. Anaolewa Jumamosi. Kwetu Wamaasai bibi harusi haondoki kabla mzee wa upande wa baba hajamtemea mate kichwani. "Baba mdogo, ni wewe utanitemea mate ya baraka. Upande wa baba sina mwingine."
Nikamwambia niko na mate ya kujaza bwawa. Nikakata simu, nikakaa kitandani.

Jumatano, 6 Agosti
Wazee walichoma mbuzi hapa Kitengela. Nikajigamba nitamaliza mguu mzima. Kipande cha kwanza kikakwama. Nilikohoa mpaka machozi. Nikasema ni pilipili. Hakukuwa na pilipili. Jirani yangu Ole Sankau aliniangalia vile watu walikuwa wanamwangalia kaka.
Kaka alishikwa na koo hilihili. Akachomwa na mashine kama mimi. Yeye akaenda, mimi nikabaki. Sijui kwa nini. Yeye hakuwa mwongo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimejaribu kutema mbele ya kioo. Mara kumi. Hewa tu. Mke wangu, Mama Saitoti, akadhani natapika. Nikamfokea. Vibaya.
Msichana ataondoka kwetu bila baraka, na sababu ni mimi.

Ijumaa, 8 Agosti
"Si umwambie tu ukweli," anasema Mama Saitoti.
Ukweli! Mimi!

Jumamosi, 9 Agosti
Chupa niliiacha kwa gari. Makusudi. Mzee wa shuka jipya na rungu hatembei na chupa kama mtoto wa nasari.
Pasta akaomba, akamaliza. Naserian akainamisha kichwa mbele yangu. Mdomo wangu jivu. Ulimi umeshikana na meno. Nikasubiri. Watu wote wakasubiri. Shangazi mmoja akacheka: "Wee! Leo mzee wa simba amenyamaza!"
Naserian akainua macho. Akachukua kibuyu cha maziwa kwa mama yake. Akaweka mkono nyuma ya shingo yangu, akaniinulia kibuyu, kidogo kidogo. "Pole pole, baba. Usimeze yote."
 Mkono ulikuwa unajua pa kushika. Ndivyo alivyomnywesha baba yake miezi ile ya mwisho.
Nikamtemea maziwa kichwani. Mengine yakanimwagikia kwa shuka. Hakuna mtu aliyecheka tena.
Akaenda. Kwetu bibi harusi hageuki nyuma. Hakugeuka. Mimi nilisimama pale mpaka vumbi la gari likatulia.

Jumapili, 10 Agosti
Kutoka kanisani Ole Sankau amepitia. Chupa ilikuwa mezani, sikuificha. Akauliza habari ya koo.
Nikamwambia: kavu. Na mate sina.
Alingoja niongeze hadithi. Sikuongeza. Akanimiminia maji kwa kikombe, akajimiminia na yeye chai.
Shuka bado linanuka maziwa. Nimemwambia Mama Saitoti asilifue kwanza.