Majaji Tisa wa Jikoni Kwetu Hounslow

Shangazi yangu Rukia, uliyetuachia baridi hii ukaenda zako Mombasa,

Kwanza kabisa nikuarifu kwamba katika jiji zima la London, kuanzia Heathrow mpaka kule treni inakogeuzia Walthamstow, hakuna mtu anayezijua hukumu za mahakama kuu ya Marekani kunishinda mimi. Wanasheria wenye majoho na wakae pembeni. Shule niliiacha nusu, hesabu zilinikimbia mchana kweupe, lakini uniamshe usingizini uniulize nani alishinda kesi gani na majaji wangapi walimkubalia, nitakujibu kabla sijafungua macho. Na sura ninayo pia, ingawa hilo halihusiani na sheria.

Naandika kwa kalamu ya risasi, kama ulivyoagiza. Uliniuliza swali moja tu: Jumanne ile ulikuwa wapi? Mpaka leo hujapata jibu, na simu zangu hupokei. Jibu limo humu. Ila nitafika kwa mwendo wangu, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mshitakiwa asikatizwe.

Wakumbuka jikoni? Baba alipokuachia mimi akarudi zake kuoa, nilidhani shangazi yangu ni shabiki wa mpira. Jumapili asubuhi unakaanga mahamri, sikio moja lina waya wa simu, na kila mara unagonga mwiko ukingoni mwa karai.

"Nani kafunga?" nikakuuliza.

"Nyamaza wewe. Jaji mwanamke kamkaba wakili wa serikali, hana pa kutokea."

Ndipo nikajua kwamba wenzangu wana mashangazi wanaosikiliza taarabu, mimi wangu anasikiliza majaji wa Marekani wakibishana. Ulisoma sheria kule mwaka mmoja, babu akaugua, ukaitwa nyumbani, na dunia ikakuzungusha mpaka ukaja kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Hounslow. Mtu mwingine angenuna maisha yake yote. Wewe uliipakia mahakama nzima ukaja nayo, ukaiweka kati ya sufuria na birika la chai.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ni ya yule mfungwa wa Florida. Ulikuwa ukiisimulia unasimama, mikono imejaa unga.

"Mtu maskini, baba. Anashitakiwa kuvunja ukumbi wa kuchezea pool, kuiba vijisenti na vinywaji. Anamwambia hakimu, sina wakili, nipe. Hakimu anasema, sheria yetu hainiruhusu, labda ungekuwa unakabiliwa na kunyongwa. Akajitetea mwenyewe kwa kadiri ya akili yake. Akafungwa. Kule jela akachukua karatasi na kalamu ya risasi, akawaandikia majaji wakubwa kabisa wa nchi."

"Na wakasoma?"

"Wakasoma. Wote tisa wakamkubalia. Tangu siku hiyo, maskini akishitakiwa kosa kubwa Marekani, lazima apewe wakili."

"Kwani aliiba au hakuiba?"

"Kesi ilipoanza upya, sasa ana wakili, wazee wa baraza wakasema hana hatia. Hayo ndiyo maswali mazuri. Chukua hamri."

Nilikuwa mdogo, lakini nililiona lile jambo kuwa kubwa mno. Mtu hana kitu, hana mtu, kafungiwa, na kijipande chake cha kalamu kinawainua watu tisa vitini. Mpaka leo nikiifikiria nasisimka, na mimi si mtu wa kusisimka hovyo.

Tatizo ni kwamba, Shangazi, ulinilea kama raia wa Marekani huku unanipeleka shule ya Hounslow. Matokeo yake uliyaona. Ulinisimulia habari za wale wanafunzi waliovaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita, wakafukuzwa, na majaji wakasema mwanafunzi haziachi haki zake getini. Basi shuleni walipopiga marufuku mpira wakati wa mapumziko, mimi huyo, kitambaa cheusi mkononi, nimekikata kutoka kwenye soksi yako. Mwalimu mkuu ananiuliza hii nini, namwambia, mwalimu, haki zangu haziishii getini.

Akaniambia, "Getini kwetu kuna basi la kwenda Feltham. Marekani ni mbali kidogo."

Ulikuja kunichukua na sare yako ya kazi, ukabishana naye mpaka akakuletea kiti. Tulipofika nyumbani ukacheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukakata kicheko ghafla, kama kawaida yako.

"Wale watoto walivaa kitambaa kwa sababu watu walikuwa wakifa vitani. Wewe umevaa kwa ajili ya mpira. Tena soksi yangu."

Walinirudisha shule, lakini mimi ndiye sikurudi sawasawa. Nikaanza kukosa vipindi, cha hesabu kwanza, halafu vyote. Nikawa nakwambia shule ni ya wasiojua kitu. Ulinibembeleza, ukaniombea, ukanitisha. "Hesabu tu, mwanangu, ule mtihani mmoja." Nami najibu kwamba kichwa kama changu hakipimwi kwa karatasi. Tazama nilivyokuwa nakujibu, na mahamri yako yamenijaa mdomoni.

Sasa Jumanne ile. Mtu alinyang'anywa simu pale barabara kuu ya kwetu, jioni, na aliyeinyang'anya alikuwa amevaa koti kama langu. Polisi wakanikuta kesho yake nimelivaa, natembea kwa maringo yangu ya kawaida. Kituoni wakaniuliza, jana jioni ulikuwa wapi? Shangazi, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu utotoni. Nikakaa vizuri, nikakunja nne, nikawaza habari za yule mtu wa Arizona, aliyekiri kwa polisi bila kuambiwa kwamba anaweza kunyamaza, na majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba kila mtu aambiwe kwanza. Nikasema, "Sina la kusema." Wakauliza tena. "Sina la kusema." Nilisema vizuri sana. Ungeniona ungepiga mwiko kwenye karai.

Wakaniletea wakili wa zamu, wa bure, mama wa Kipunjabi wa Southall, baba yake mzaliwa wa Kisumu. Akanisikiliza, akavua miwani.

"Kijana, hii si Amerika," akaniambia kwa Kiswahili chake cha nyumbani kwao. "Hapa unaweza kunyamaza, lakini kama una jibu zuri ukalificha leo, ukalitoa mahakamani, watauliza kwa nini hukulisema mapema. Onyo walilokusomea ndilo linasema hivyo. Ulisikiliza?"

Sikusikiliza. Nilikuwa nalisikiliza lile la Marekani kichwani.

"Jibu unalo?" akaniuliza.

Nilikuwa nalo. Sikulitoa hata kwake. Hapo sasa haikuwa sheria tena, ilikuwa aibu.

Wakaniachia huku wakichunguza. Nikakukuta umekaa jikoni, karai limepoa, na wanawake wenzako wa darasa la Kurani wameshakupigia simu wote. Hukuniuliza kama nimeiba. Uliniuliza, "Jumanne ulikuwa wapi?" Na mimi, mjuzi wa sheria, nikacheka nikasema, "Shangazi, nina haki ya kunyamaza."

Hukucheka. Tikiti yako ya kurudi Mombasa ulikuwa umeshaikata, magoti yako yalikuwa yameikataa London zamani. Kila siku iliyobaki ulifunga mizigo bila waya sikioni. Heathrow, kwenye foleni, uliniweka kola sawa ukasema, "Katika hukumu zote nilizokusimulia, hakuna hata moja iliyompa mtu haki ya kumnyamazia shangazi yake." Ukaenda, ukivuta ule mguu wa kushoto. Nilikuangalia mpaka watu wakaniziba.

Baadaye kamera za dukani zikamwonyesha mwenye kosa. Koti ni kama langu kabisa, lakini miguu mifupi, hana hata nusu ya mwendo wangu. Polisi wakafunga faili. Nikakupigia haraka nikishangilia, "Wamenisafisha!" Ukajibu pole pole, "Sikukuuliza polisi wamesema nini. Nilikuuliza ulikuwa wapi. Siku ukiwa na jibu, niandikie kama alivyoandika yule bwana." Ukakata. Hapo ndipo ulipoacha kupokea.

Nimejaribu kuandika barua hii mara nyingi. Kiswahili changu nacho ni cha kusikia jikoni, sikujua kwamba kukiandika kunatoa jasho. Jaji wangu ni mmoja, si tisa, na ndiye mkali kuliko wote. Basi pokea ombi langu, nisalimie bahari na majirani, magoti uyapake ile dawa. Mahamri ninayokaanga mimi ni magumu, lakini majirani wa hapa wanayasifu, nadhani wananiogopa.

Jumanne ile nilikuwa Walthamstow, Shangazi, darasani. Darasa la jioni la hesabu, orofa ya pili, katikati ya akina mama wenye watoto wakubwa kuliko mimi, najifunza sehemu, nusu na robo. Nilichagua mwisho wa reli ili mtu wa Hounslow asinione. Nilitaka nikuletee cheti mkononi, nikuone unashika ukuta kwa kicheko. Lakini mtihani ulikuwa umeshanishinda mara moja, nikaona bora unidhanie mwizi kuliko ujue kwamba nimejaribu na sikuweza. Kukamatwa hakukuharibu kitu, na mtihani nitaurudia. Kilichoharibika ni kwamba ulipanda ndege hunijui, na aliyekuzuia kunijua ni mimi.

Nasubiri hukumu,

Mtoto wa kaka yako