Tundu Nililotoboa Kwenye Boti

Jumanne, Chapwa

Ugali wa jioni nimeuacha sahanini.

Mimi ni fundi wa malori, nikajitia kujua boti. Ile kuukuu ya tanga, yenye injini ndogo, inayopelekwa Ziwa Rukwa, imo gereji kwetu. Leo nilisugua chumba cha injini kwa dizeli na sabuni mpaka mbao zikang'aa. Maji machafu yakatuama chini. Nikafanya kama kwenye kebini ya lori: nikachukua drili, nikatoboa sakafu. Yakachuruzika yote.

Mama Neema, mwenye boti, alichuchumaa akapitisha kidole tunduni.

"Fundi, hapa maji yametoka. Tukifika ziwani je?"

Nikaificha drili mgongoni.

Kuziba nitaziba, lakini uso nitauficha wapi? Mimi mwenyewe ndiye niliyemwita, aje aone maji yanavyotoka vizuri.