Jina Chini ya Lori

Jumapili, 7 Septemba 2025

Leo Jeanine amezungumza! Miaka minne tunakaa pamoja hapa Bulembia, Uganda, na habari ya siku aliyokimbia kwao Kongo, upande wa Beni, hajawahi kuigusa. Leo tumetoka misa, tunachambua maharage, akasema tu: "Papa Olanya, leo niko na neno." Akaanza. Watu wenye bunduki walifika asubuhi, kila mtu akakimbia njia yake. Msichana wake mdogo alipakiwa kwenye lori pamoja na watu wengine. Hawakurudi. Maskini mke wangu, niliumia sana.

Lori lenyewe — hapo nilimwambia ngoja kwanza, nilete penseli. Kwenye magari yangu madogo ya bati, la namna ile sina. Nikamuuliza matairi mangapi. Akasema sita. Nikauliza yamepangwaje, akanionyesha kwa vidole: matatu kila upande, hakuna pacha, yaani mawili yaliyofungwa pamoja. Turubai la kijani, lina kiraka cheusi upande wa kulia. Taa ya kushoto imevunjika. Mlango wa dereva mwekundu — umetolewa kwenye gari jingine, hilo liko wazi! Mlango wa nyuma hauna komeo, umefungwa kwa mnyororo. Mnyororo mnene au mwembamba? Hapo akasema hajui. Akanyanyuka kwenda kuangalia moto. Nadhani alichoka.

Macho gani yale! Fundi wa karakana asingeona vizuri zaidi.

Nitalijenga. Litakuwa la arobaini na mbili. Na hili si langu — ni zawadi yake.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeanza. Najengea kwa Drani, stoo yake ya nyuma, ili Jeanine asione. Drani tulikuwa naye karakana ya jeshi miaka kumi na moja, siri anaijua kutunza, ingawa mdomo wake mrefu.

Kipimo changu kile kile: futi moja ya gari ni sentimita mbili. Bodi nakata kwenye debe la mafuta ya kula. Matairi ni soli za kandambili. Turubai ni karatasi ya mfuko wa saruji — tunayo tele kiwandani ninakofanya kazi — nailoweka kwenye chai ya rangi, naipaka gundi, naikunja ingali mbichi. Ikikauka huwezi kujua si turubai.

Drani aliniuliza kwa nini sijengi nyumba ya ndege kama askari wastaafu wengine. Nikamwambia ndege hawana chesisi.

Kuna jambo ambalo wageni hawalijui. Wanaona vifaru, deraya, malori, wanasema eh, mzee anacheza. Hawapindui. Chini ya chesisi naandika kwa rangi nyeupe jina la mtu aliyepotea na gari lile. Magari kumi na saba yana majina. Otema, mwenzetu wa jeshi, yuko chini ya lori la tangi la maji. Okidi, mtoto wa Gulu, yuko chini ya Land Rover isiyo na kioo. Jeanine anayajua yote. Kila Jumamosi akipangusa vumbi anapindua moja moja na kusoma. Siku moja nilimsikia anayataja polepole, mmoja baada ya mwingine, kama anasali rozari. Siku ile nilijua nimeoa mtu.

Jumamosi, 27 Septemba

Rangi imekauka. Mlango mwekundu umekaa vizuri ajabu. Mnyororo nimeutoa kwenye mkufu mbovu, mwembamba — nimekisia. Drani akasimama nyuma, akapiga saluti! "Afande, hii gari inaweza ondoka sasa hivi."

Sasa chini niandike nini? Nimekaa nalo muda mrefu. Hakuna mwenzangu aliyepotea na lori hili. Kuacha wazi pia haipendezi, ni kama kazi haijaisha. Mwishowe nimeandika: KWA JEANINE, MKE WANGU. OKTOBA 2025. Herufi zimenyooka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Kama kila mwaka, mlango wangu ulikuwa wazi. Meza tatu za kuazima, mashuka meupe, magari arobaini na moja yamepangwa kwa msafara kutoka sebuleni hadi barazani. Watu wa kambi ya mgodi walikuja, na wa kiwandani, na mwalimu Birungi wa jirani, na shemasi. Jeanine alichemsha chai ya maziwa, akakaanga mandazi. Alivaa viatu vyake vya njano.

Lori nililifunika kwa kitambaa. Nikasema maneno mawili: mke wangu aliniambia, mimi nimesikia, na hiki ndicho nilichosikia. Nikafunua. Watu wakapiga makofi!

Jeanine alilitazama. Akaweka birika chini. Akalichukua kwa mikono miwili, akalipindua, akasoma. Halafu — sijui — akapitisha kidole juu ya maandishi, kisha pembeni, kama kwamba kuna mengine yamejificha. Akachukua ncha ya kitenge akapangusa. Akatazama tena. Akalirudisha mezani taratibu, akaenda kumimina chai.

Drani akaninong'oneza kwamba furaha imemzidi. Mimi pia nimesema hivyo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimerudi kazini, hayupo. Begi halipo. Rozari haipo. Viatu vya njano havipo. Maharage yako kwenye sufuria, yamefunikwa sahani.

Birungi alimwona anapanda gari la Bwera, mpakani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Simu yake imezimwa. Nimempigia Alliance, mdogo wake, anayeuza vitenge Bwera. Kasema dada yake yupo, analala, hali chakula. Nikauliza nimekosa nini. Kasema ni juu ya ile kamio, ndivyo wanavyoita lori. Akakata.

Nilikasirika. Niseme ukweli, nilikasirika! Miaka minne anapangusa vifaru na mizinga, leo lori la debe limfukuze nyumbani? Zaidi ya wiki mbili nimejikata vidole kwa ajili yake. Nilimwambia Drani hivyo, nikitegemea aniunge mkono. Hakuniunga.

Jioni nikakaa mbele yake, lile lori. Kutoka kitini anapokaa Jeanine, linaonekana moja kwa moja. Mlango mwekundu. Kila siku, akinywa chai, angekuwa anaangalia lori lililomchukua mtoto wake. Mimi nimemletea sebuleni! Nimelifunika kitambaa na kupigiwa makofi!

Nililia. Nina miaka hamsini na tisa na nililia kwa sauti.

Ijumaa, 17 Oktoba

Drani anasema nyundo, mara moja, yaishe. Nilishika nyundo. Mkono ulikataa. Basi nimelifungua — nimeyeyusha risasi ya kulehemu kiungo kwa kiungo, nimetoa matairi, nimekunjua bodi. Siku mbili. Limekuwa mabati na soli kwenye mfuko wa saruji. Chesisi imebaki nzima, kwa sababu ya jina lake. Jumapili nitampelekea aone kwa macho yake. Lori halipo tena, Jeanine. Rudi.

Nyumba ina vumbi. Nimejaribu kupangusa. Nimefika gari la sita nikaacha.

Jumapili, 19 Oktoba

Bwera. Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya nyumba ya Alliance.

Nilifika saa nne. Nilimwaga mabati hapa uani, mbele ya mlango, nikasema kwa sauti asikie aliye ndani: tazama, nimelivunja. Nilimsikia anakohoa. Ni yeye, kikohozi chake nakijua.

Alliance akatoka. Hakunipa mkono. Alitazama mabati, akaokota chesisi, akaigeuza.

"Shemeji, haiko juu ya kamio peke," akasema. "Si wewe unaandikaka majina ya batu benye balipotea? Dada alipindua akatafuta jina ya mutoto. Akakuta jina yake ye mwenyewe. Njo roho ikavunjika."

Nikasema nitaliandika. Leo leo. Rangi nitanunua sokoni.

"Andika," akasema. "Utaandika nani?"

Nikainama kuokota mabati.

Akaingia ndani. Wakaongea kwa Kinande, lugha yao, chini chini. Akatoka tena. Anasema dada yake ameniletea neno moja tu: siku ile ya maharage alimutaja mutoto kwa jina mara mbili. Papa Olanya aseme jina. Nikilisema, Jeanine atavaa viatu, tutarudi wote. Nisiposema, nirudi na mabati yangu.

Mara mbili. Naamini. Nakumbuka midomo yake inasema. Nakumbuka maharage mekundu kwenye ungo, na penseli haina ncha, nainoa kwa kisu cha jikoni. Nanoa, na yeye anasema. Linaanza na nini? A? M? Majina kumi na saba nayajua kwa moyo, hata namba zao za jeshi. Hili nilipewa mkononi, nikaomba mnyororo.

Nimefungua daftari hili ukurasa wa tarehe saba. Nimesoma mara tatu. Mtoto: "msichana wake mdogo." Maneno matatu. Lori: nusu ukurasa.

Alliance amesimama mlangoni, mikono kifuani. Anauliza, shemeji, umepata? Nimemwambia ngoja kwanza.

Mlango umeachwa wazi kidogo. Viatu vya njano viko kizingitini, vimegeuzwa kutazama nje.

Nasoma tena. Matairi sita. Taa ya kushoto imevunjika.